Gamera au Godzilla: kwa nini yule kobe hakupata jina analostahili?

#1 Mlinzi wa Usiku
Wakuu, salaam.

Mimi ni mpenzi wa sinema za Kijapani za madude makubwa na upande sijachagua. Godzilla wa studio ya Toho nampenda. Gamera wa studio ya Daiei, yule kobe mwenye pembe mbili za meno anayeruka kwa moto unaotoka kwenye gamba, nampenda vilevile. Ila nikitaja Godzilla kila mtu ananielewa, nikitaja Gamera naulizwa ndiye nani.

Sasa hoja. Kati ya 1995 na 1999 Daiei ilitoa sinema tatu za Gamera, zote kaongoza Shusuke Kaneko, kaandika Kazunori Ito, na kazi ya madude na miji midogo ya kubomolewa kafanya Shinji Higuchi. Nasema bila kupepesa macho: hakuna Godzilla wa muongo ule anayezifikia. Kwa nini basi Gamera hakuwahi kupata jina la mwenzake? Jibu la "Godzilla ni Godzilla" silitaki. Leteni sababu.

#2 Siti ya Mbele
Nipo. Wajuzi waje.

#3 Mzee wa Mikanda
Sababu ni moja tu, kachelewa. Godzilla alitoka 1954, Gamera akaja 1967 na yule dude mwenye mabawa, Gyaos. Miaka kumi na tatu mwenzako yuko sokoni, wewe ndiyo unafungua duka. Mada ifungwe.

#4 Binti Makunduchi
Mzee wangu Mikanda, mada haifungwi kwa tarehe isiyo sahihi. Gamera wa kwanza alitoka Novemba 27, 1965, picha nyeusi na nyeupe, kaongoza Noriaki Yuasa. Mwaka 1966 akapigana na Barugon, hapo rangi zikaingia. Gyaos wa 1967 ni sinema ya tatu.

Na kabla ya kobe Daiei walitaka kutengeneza sinema ya panya wakubwa, Nezura, wakitumia panya hai juu ya miji ya kuchonga. Panya wakaleta viroboto, kazi ikafa. Gamera kazaliwa baada ya janga lile, na kwa studio iliyotoka kwenye viroboto mie naona walifanya makubwa.

Kuchelewa nako hakunitoshi. Mothra alitoka 1961, King Ghidorah mwisho wa 1964. Mbona hao wanajulikana?

#5 Mzee wa Mikanda
Mothra na Ghidorah wanajulikana kwa sababu wote ni wa Toho, wakapigana na Godzilla mwenyewe. Walibebwa. Gamera alisimama peke yake, na siku anaingia kumbini Godzilla alikuwa ameshacheza sinema tano, ikiwemo ile ya 1962 dhidi ya King Kong iliyouza tiketi zaidi ya milioni 11 Japani. Utamfikiaje mtu huyo?

#6 Fundi Redio
Mnazunguka. Sababu ni mzizi wa hadithi.

Machi 1, 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni kule visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki. Majivu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa kwenye mashua ya Daigo Fukuryu Maru, na Septemba mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki. Novemba 3 mwaka huohuo Godzilla akaingia kwenye kumbi, na sinema inaanza na meli kuteketea baharini. Mtu wa Tokyo hakuhitaji kuelezwa kinachozungumzwa. Mji wake wenyewe ulichomwa kwa mabomu miaka tisa tu nyuma. Kuna mama pale, moto umemzunguka, amekumbatia watoto wake anawaambia wanakwenda kumfuata baba yao. Mwongozaji Ishiro Honda alikuwa mwanajeshi, na akirudi kutoka China alipita Hiroshima akaona kwa macho yake.

Gamera naye anaamshwa na mlipuko wa nyuklia kule Aktiki, lakini sinema inalisahau bomu mapema na kugeukia kijana anayependa kobe. Mwishoni wanamfungia kwenye roketi wanampeleka Mars. Burudani, nakubali. Ila haina kidonda.

Na kwa kuwa ni fani yangu: ule mngurumo wa Godzilla si sauti ya mnyama. Mtunzi wa muziki Akira Ifukube alisugua nyuzi za besi kubwa kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha sauti ikapunguzwa kasi. Hadi leo bado wanatengeneza mngurumo wao kwa kuufuata ule.

#7 Kijana wa Eldoret
Naunga mkono #6 mia kwa mia. Ndiyo maana hata walimweka yule mwandishi wa habari Mmarekani ahadithie mambo yote, ili ionekane ni jambo la dunia nzima.

#8 Binti Makunduchi
Kijana wa Eldoret, yule ni Raymond Burr, na hayumo katika sinema ya Honda. Aliongezwa Marekani katika toleo la 1956. Walikata sehemu za Kijapani wakamchomeka yeye, na maneno mengi kuhusu majaribio ya mabomu yakapungua. Mwenye kutaka kuiona hasira aliyoisema Fundi Redio aitafute ya 1954.

Ila umenipa sababu nyingine bila kukusudia. Toleo lile la Burr ndilo lililomfungulia Godzilla mlango wa nje. Gamera wa 1965 naye alichomekwa waigizaji wa Kimarekani mwaka uliofuata, lakini zilizofuata nyingi ziliuzwa kule kwa ajili ya televisheni. Hadhi ya mtu huanzia alikoonekana mara ya kwanza.

#9 Mlinzi wa Usiku
Asante, hii ya televisheni sikuwa nimeipa uzito. Inaeleza hata kwa nini kuanzia 1968 hadi 1971 kila sinema ya Gamera ina mtoto wa Kizungu pembeni ya mtoto wa Kijapani. Wanunuzi wa Marekani walikuwa akilini tayari wakati wa kuandika.

#10 Shangazi wa Muscat
Watoto, watoto, watoto. Hapo ndipo lilipo jibu, na nalisema kwa upendo kwa sababu mimi hizo za watoto ndizo ninazozipenda zaidi.

Gamera dhidi ya Guiron, 1969. Watoto wawili wanaingia kwenye chombo cha anga, kinaruka nao hadi sayari nyingine. Huko kuna wanawake wawili wanaotaka kula ubongo wao. Mlinzi wa sayari ni Guiron, dude ambalo kichwa chake ni kisu. Anaanza kwa kumkata Gyaos wa angani vipande. Kisha Gamera anafika, anashika bomba linaloning'inia, anabembea na kuzunguka juu yake mithili ya mwanamichezo wa Olimpiki. Wanangu waliomba irudiwe pale pale.

Mtu mzima wa Kijapani mwaka 1969 angelipa tiketi ya hiyo? Hangelipa. Daiei walichagua watoto, watoto wakakua wakaondoka.

#11 Mkaa Bondeni
Shangazi, kwa heshima, hilo halisimami. Godzilla hakuwa wa watoto? Mwaka 1967 walimpa mwana, Minilla. Mwaka 1969 sinema nzima ni ndoto za mtoto anayeonewa na wenzake. Mwaka 1971 akipigana na Hedorah aligeuza moto wake chini akaruka hewani kinyumenyume. Mwaka 1973 alimpa mkono roboti Jet Jaguar baada ya kumtelezea Megalon kwa mkia wake akampiga mateke mawili yaleyale. Kama utoto unaua jina, Godzilla angezikwa 1973.

Sababu ni nyumba. Toho ilikuwa na kumbi zake nyingi na sinema za kila aina, ikaweza kumpumzisha Godzilla kuanzia 1975, baada ya sinema iliyouza tiketi chini ya milioni moja, na kumrudisha 1984 akiwa na hasira zake. Daiei, iliyotoa Rashomon, sinema iliyoshinda tamasha la Venice 1951, tangu ilipoanzishwa 1942 ilikuwa dhaifu upande wa kumbi. Studio isiyo na kumbi ni mkulima asiye na barabara. Desemba 1971 ikafilisika, miezi michache tu baada ya Gamera kupigana na Zigra.

#12 Mzee wa Mikanda
Mkaa, umesema la maana, ila usisahau kilichoziua zote: televisheni. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi zaidi ya bilioni 1.1. Baada ya hapo zikaporomoka mwaka hadi mwaka. Na 1966 Ultraman wa kampuni ya Tsuburaya akaanza kuleta dude jipya kila wiki sebuleni, bure. Nani atatoka?

Daiei walibana matumizi hadi ikaonekana. Gamera dhidi ya Viras ya 1968 inarudisha vipande vya sinema zilizopita, na baadhi ni vya nyeusi na nyeupe katikati ya sinema ya rangi! Mwaka 1980, chini ya wenye mali wapya, wakatoa moja ambayo mapigano yake karibu yote ni ya zamani, na mwishoni Gamera anakufa. Niliiona kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, na mtafsiri akatangaza kwamba stelingi hafi, atarudi wiki ijayo. Tulirudi wiki iliyofuata, tukakuta karate.

#13 Siti ya Mbele
😂😂 Mzee Mikanda, umeniua na hiyo karate.

#14 Kijana wa Eldoret
Swali kwa Fundi Redio. Kama kidonda ndicho sababu, mbona Gamera wa 1999 ana kidonda kikubwa na bado hajulikani?

#15 Mlinzi wa Usiku
Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Kwa wasioziona. Ya 1995: Gamera ni kiumbe kilichotengenezwa na ustaarabu wa kale uliozama, kazi yake kupigana na Gyaos, ambao nao walitengenezwa wakawashinda waliowatengeneza. Binti mmoja, Asagi, ana jiwe dogo linalomuunganisha na Gamera, na Gamera akijeruhiwa naye anapata jeraha. Gyaos anajenga kiota juu ya mnara wa Tokyo uliovunjika, jua linazama nyuma yake. Mpaka leo sijaona picha nzuri kuliko ile katika sinema za aina hii.

Ya 1996: Legion, wadudu kutoka angani, wanaanzia reli ya chini ya ardhi ya Sapporo, na mji wa Sendai unafutika. Jeshi la Kujilinda la Japani lilishiriki katika utengenezaji na linaonekana likifanya kazi kwa utaratibu wake wa kweli. Ikapata Nihon SF Taisho, tuzo ya Kijapani ya hadithi za kubuni za sayansi.

Ya 1999 ndiyo inayouma. Ayana ni binti ambaye wazazi wake walikufa Gamera alipokuwa akipigana mwaka 1995. Anamchukia, na kwa chuki hiyo analea dude lingine, Iris. Gamera anashuka Shibuya akiwafukuza Gyaos, anawaua, na watu wengi wanaungua pamoja nao. Sinema inakuonyesha waliokuwa barabarani. Stelingi wako ndiye aliyewaua.

Na Higuchi alijenga miji midogo nje, kwenye mwanga wa jua, akaweka kamera chini, usawa wa macho ya mtu. Unalitazama dude kutoka mahali ambapo ungekuwa umesimama wewe.

#16 Fundi Redio
Kijana wa Eldoret, jibu langu: kidonda cha Gamera kilikuja miaka 34 baada ya watu kumwona na watoto. Cha Godzilla kilikuwapo siku ya kwanza. Mtu hupewa jina mapema.

Na Mlinzi, nakupinga juu ya muongo ule. Godzilla dhidi ya Destoroyah, 1995. Moyo wa Godzilla ni tanuri la nyuklia, unapata moto kupita kiasi, anayeyuka mbele yako, na muziki ni wa Ifukube yuleyule wa 1954. Adui anatokana na silaha iliyomuua Godzilla wa kwanza. Gamera hana kitu cha kufunga miaka 41 namna hiyo.

#17 Shangazi wa Muscat
Naongeza Biollante ya 1989. Hadithi yake ilitokana na shindano la wazi, na aliyeshinda alikuwa daktari wa meno. Waridi lililochanganywa na seli za Godzilla na za binti aliyekufa. Toho ilithubutu kabla ya Kaneko.

#18 Mlinzi wa Usiku
Shangazi, 1989 haimo katika hesabu yangu, nilisema 1995 hadi 1999. Destoroyah nakubali dakika zake kumi za mwisho. Zilizotangulia dakika hizo ni watu wakielezana mambo mbele ya mashine.

#19 Fundi Redio
Na Legion je? Nusu ni watu wakielezana mambo mbele ya ramani.

#20 Mkaa Bondeni
Nyie wawili mnagombana huku mmesahau jambo. Aliyesambaza Gamera wa 1995 kwenye kumbi za Japani ni Toho. Ndiyo, nyumba ya Godzilla. Kwa hiyo hoja yangu ya #11 bado ipo pale pale: hata Gamera alipokuwa bora, barabara ilikuwa ya mwenzake.

#21 Binti Makunduchi
Na waliomjenga wakahamia kule. Kaneko mwaka 2001 aliongoza Godzilla, ile ambayo ndani yake zimo roho za waliokufa katika Vita vya Pasifiki na macho yake ni meupe. Higuchi mwaka 2016 alishirikiana na Hideaki Anno kwenye Shin Godzilla, iliyozungumzia tetemeko na tsunami ya 2011 na ajali ya Fukushima, ikapata tuzo ya sinema bora ya Akademi ya Japani. Tazameni zile kamera za chini, zile meza za maofisa. Mie naona Gamera yumo mle.

Kwa hiyo pengine swali la Mlinzi limepinda. Gamera alishinda, ila kwa jina la mwingine.

#22 Kijana wa Eldoret
Hii ya #21 imenikaa.

#23 Mzee wa Mikanda
Mimi haijanikaa. Fundi akihama kazi, sifa haibaki kwa mwajiri wa zamani.

Halafu mnawasahau walio ndani ya mavazi. Haruo Nakajima alimvaa Godzilla kuanzia 1954 hadi 1972. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, mpira mzito, taa za studio juu yake, jasho linatiririka. Alikwenda bustani ya wanyama kutazama tembo na dubu wanavyotembea ili naye atembee kwa uzito. Eiji Tsuburaya, fundi wa mbinu maalumu, akapiga picha kwa kasi kubwa, ikichezwa inaonekana polepole, na wewe unaamini ni tani elfu. Daiei walitumia mbinu zilezile, sikatai, lakini mtu mmoja kubaki ndani ya mnyama mmoja miaka 18 kunampa mnyama tabia. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili.

#24 Dereva wa Kigoma
Salaam. Kwa kuwa mmetaja mavazi, mnajua kwamba aliyemvaa Godzilla kuanzia 1984 hadi 1995, Kenpachiro Satsuma, alivaa pia dude la Korea Kaskazini? Pulgasari, 1985, dude linalokula chuma. Mwongozaji Shin Sang-ok alikuwa ametekwa nyara kutoka Kusini ili atengeneze sinema kule, na 1986 akatoroka akiwa Vienna. Mafundi wa Toho walikwenda kusaidia.

#25 Siti ya Mbele
Anakula chuma kweli? Hiyo naitafuta leo usiku.

#26 Dereva wa Kigoma
Majembe, masufuria, silaha. Anaanza mdogo kiasi cha kukaa kiganjani, anakula anakua. Wakulima wanamtumia kumwangusha mfalme, kisha wanagundua hashibi.

#27 Shangazi wa Muscat
Tumetoka Tokyo tumefika Pyongyang. Turudi kwa kobe.

Kuna jambo la maumbile halijasemwa. Mjusi anayesimama wima anatisha bila kufanya chochote. Kobe, hata mkubwa, watu wanamwona mpole. Wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu pale Unguja, watoto huwalisha majani kwa mkono. Umtishe nani? Kaneko alijua, ndiyo maana kuanzia 1996 mikono ya Gamera akiruka inageuka kuwa mapezi ya kasa, mwili unakuwa mwembamba, uso unazidi kuwa mkali kila sinema. Alikuwa akipunguza upole.

#28 Binti Makunduchi
Shangazi, mie nimekulia karibu na kasa na naona kinyume. Upole ndio unaombeba. Kobe anajificha kwenye gamba, anasubiri, anavumilia. Gamera anakatwa, anachomwa, Jiger wa 1970 anamtagia yai ndani ya mwili, na anarudi. Watoto wanamwamini kwa hilo. Godzilla hakuna mtoto angemkimbilia.

#29 Mkaa Bondeni
Mmoja alimkimbilia, yule wa 1969 kwenye ndoto. 😄

#30 Siti ya Mbele
Wakuu, mimi sijaona hata moja ya Gamera. Nianzie wapi? Na Godzilla niongeze ipi, maana ninazozijua ni zile za Wamarekani na King Kong.

#31 Mlinzi wa Usiku
Godzilla: ya 1954 kwanza, ya Kijapani, usikubali nyingine. Kisha ya 2023, Minus One ya Takashi Yamazaki, rubani aliyekwepa kujitoa mhanga anakutana na dude mara tu baada ya vita. Ilishinda Oscar ya picha za kompyuta na mbinu maalumu Machi 2024, na waliozitengeneza walikuwa watu 35 tu.

Gamera: 1995, 1996, 1999, kwa mpangilio huo. Ukishazipenda rudi kwenye ya Gyaos ya 1967. Gyaos haivumilii jua na shingo yake haigeuki. Wanamwekea damu bandia juu ya jukwaa linalozunguka ili apate kizunguzungu mpaka alfajiri.

#32 Shangazi wa Muscat
Na Guiron!

#33 Fundi Redio
Minus One nayo ni ya kidonda. Mwaka 1954 kidonda, 2016 kidonda, 2023 kidonda. Kila Japani inapoumia, Godzilla anaitwa. Gamera nani amewahi kumwita? Ile ya 2006 ya kampuni ya Kadokawa ilirudi kwa mtoto na kobe mdogo, ya Netflix ya 2023 ikarudi kwa watoto tena.

#34 Shangazi wa Muscat
Ile ya Netflix wanangu waliitazama yote, na mkubwa alilia. Usiwadharau watoto, Fundi. Kidonda chao nacho ni kidonda.

#35 Kijana wa Eldoret
Nimemaliza ya 1999 usiku huu. Mkono mmoja umekatika, Kyoto inawaka, Gyaos wanakuja kwa maelfu na Gamera anatembea kuwafuata, sinema inaisha. Hakuna aliyeiendeleza miaka yote hii?

#36 Mlinzi wa Usiku
Kaneko hakurudi tena kwa Gamera. Mali yote ya Daiei ilinunuliwa na Kadokawa mwaka 2002, na ya 2006 ni hadithi mpya kabisa. Ile ya Ayana na Asagi imebaki hapo ulipoiacha.

Ila niambie jambo moja kwa kuwa bado iko kichwani mwako: Ayana alikosea kumchukia? Mimi nasema hakukosea hata kidogo.

#37 Binti Makunduchi
Alikosea. Gamera asingepigana siku ile, Gyaos wangekula mji mzima, wazazi wake wakiwemo.

#38 Mkaa Bondeni
Mwambie hivyo mtoto aliyefiwa wazazi, Binti. Nipo na Mlinzi.

#39 Mzee wa Mikanda
Mimi nipo na Binti. Fundi Redio, upo upande gani?